Sanamu ya jasi ya Mt. Antoni, jina la Kiitaliano kitakoni: tuitengeneze vipi kabla ya 13 Juni?

Mjumbe_wa_Kigango

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kigango chetu upande wa Likoni kina sanamu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, kimo cha sentimita 120 hivi, ya jasi iliyopakwa rangi. Ukiigonga inalia uvungu. Nyuma ya kitako pamegandamizwa jina la ukoo la Kiitaliano, nusu limefutika, na chini yake neno "Chicago". Hilo ndilo swali langu la kwanza: Mwitaliano, Chicago, na sanamu iko Mombasa?

La pili ni hali yake. Mkono wa kulia, ule wenye yungiyungi, umevunjika vidole vitatu. Viwili tunavyo kwenye bahasha, kimoja kimepotea. Mkono huohuo una ufa kutoka kiwikoni hadi kifundoni, na ufa wenyewe una rangi ya kahawia. Chini ya kanzu rangi imevimba na ukiipapasa unamwagika unga mweupe. Mgongoni kuna madoa meusi.

Kwenye kamati mmoja anataka tuipige rangi ya mafuta yote mara moja, ing'ae. Mwingine anasema itupwe tununue ya faibaglasi. Tunatarajia kuibeba kwenye maandamano ya somo wetu tarehe 13 Juni, tena jumuiya ndogo ndogo zimeomba nakala za sentimita 30 za kuzungushwa nyumba kwa nyumba. Wajuzi, semeni.

Msomaji_wa_Kale

Milele amina.

Jina la Kiitaliano na mji wa Marekani ni jambo la kawaida kabisa kwa sanamu za aina hiyo. Juu ya mji wa Lucca, huko Toscana nchini Italia, kuna bonde la mto Serchio lenye vijiji kama Barga, Coreglia Antelminelli na Bagni di Lucca. Ardhi ni ya milima, mashamba ni haba, na tangu karne ya 18 wanaume wa huko walikuwa wakiondoka kwa vikundi kwenda nchi za watu kutengeneza na kuuza sanamu za jasi. Waliitwa figurinai. Kikundi kilikuwa na mkuu wake, fundi wa kumimina, na vijana waliotembeza sanamu mitaani juu ya ubao waliojitwika kichwani. Sanamu hawakuzisafirisha. Walichosafirisha ni kalibu, yaani maumbo matupu ya kumiminia, kwa kuwa jasi na maji hupatikana karibu kila nchi. Fundi akishuka London au New York na kalibu zake, keshafungua karakana.

Wengine walifika mbali. Domenico Brucciani, mzaliwa wa Barga mwaka 1815, alihamia London, na mwaka 1866 alikwenda Santiago de Compostela huko Hispania akatoa nakala ya jasi ya lango zima la Pórtico de la Gloria, kazi ya mawe ya karne ya 12. Nakala hiyo ingali imesimama ndani ya makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ndugu wa ukoo wa Daprato, nao wa Barga, walianzisha karakana yao Chicago mwaka 1860, ikawa moja ya kubwa kabisa za sanamu za kanisa huko Marekani. Waliuza kwa orodha iliyochapishwa: paroko anachagua mtakatifu, anachagua kimo, anaagiza kwa posta. Sisemi yenu ni ya kwao, maana Waitaliano wa kazi hiyo Chicago walikuwa wengi.

Wasomi wa sanaa waliwadharau, wakasema ni bidhaa za kiwandani, nyuso zote tamu tamu. Mimi siafikiani nao. Kabla ya hapo sanamu ya kimo cha mtoto ilikuwa ya mbao au marumaru, inachongwa moja moja, na parokia ya wachukuzi na vibarua haikuthubutu hata kuuliza bei. Wahamiaji hawa ndio waliowezesha kila kundi la wahamiaji wenzao, Waairishi, Wajerumani, Wapolandi, kumweka somo wao altareni. Kwa mizani ya ibada, huo ni mchango mkubwa kuliko sanamu kumi za marumaru.

Sasa jinsi ilivyoundwa, kwa sababu hapo ndipo penye dawa ya maradhi yake. Mwili humiminwa ndani ya kalibu ukiwa mtupu, ukuta sentimita 1 hadi 2, ukishikiliwa kwa ndani na nyuzi za katani au kitambaa cha gunia kilicholoweshwa jasi. Kichwa na mikono humiminwa peke yake, kisha huungwa. Ndani ya mkono hupita kipande cha chuma. Kwa hiyo sanamu hizi huvunjika palepale: shingoni, kifundoni, vidoleni, na kitakoni ilipogusana na sakafu.

(Kwa anayeshangaa Mwitaliano ana nini na Mombasa: ramani ya Fort Jesus ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, na ujenzi ukaanza 1593.)

Fundi_Jasi

Msomaji kamaliza historia, mimi niingie kwenye kazi.

Mjumbe, rangi ni ya mwisho. Kwanza tafuta unyevu unakotoka. Ule unga mweupe ni chumvi. Sakafu ya saruji hupandisha maji ya ardhini, jasi huyanyonya, maji yakikauka usoni huacha chumvi, na chumvi ikiganda chini ya rangi huisukuma mpaka inavimba. Huku pwani hata upepo una chumvi. Inueni sanamu juu ya vipande viwili vya mbao vyenye unene wa sentimita 5, hewa ipite chini, na iwe mbali na ukuta kwa sentimita 10. Vyombo vya maua vyenye maji viondoke miguuni pake. Madoa meusi ni kuvu, yanatokana na mgongo kuegemea ukuta baridi.

Msiioshe. Jasi huyeyuka, gramu 2 hivi kwa kila lita ya maji, na rangi zilizopakwa juu ya gundi hutoka na kitambaa. Chumvi ipanguseni kavu kwa brashi laini, mkirudia kila inapotokea tena, mpaka ikome. Kuvu nao vivyo hivyo, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, kisha pitisha pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Spiriti huyeyusha shelaki, ile vanishi ya kizamani, kwa hiyo pamba ikitoka na rangi, acha hapohapo.

Kukauka ndiko kunakowashinda watu. Mchana wa kaskazi ni rahisi. Wakati wa masika na kusi, sanamu ya kimo hicho huchukua majuma. Usikisie kwa mkono. Iwekeni kwenye mzani: uzito usipobadilika kwa siku mbili mfululizo, imekauka. Feni inafaa. Moto wa jiko, hita, au bati la paa lililopata jua havifai, kwa kuwa jasi iliyoshikana ikipata joto la zaidi ya nyuzi 45 kwa muda mrefu huanza kupoteza maji yaliyomo ndani ya umbile lake, inakuwa unga usioshikika.

Ufa wa kahawia ni chuma cha ndani kilichoshika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana mkono unapasuka kutoka ndani. Ukiuziba kwa juu, utapasuka tena mvua zijazo. Ufunue ufa kwa patasi ndogo, ukikwaruza badala ya kugonga, mpaka chuma kionekane. Kama kutu ni ya juu juu, kwaruza mpaka ing'ae kisha pakaa epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, pande zote zinazofikika. Kama kimebanduka matabaka, kitoe, weka cha stenlesi cha milimita 4. Usitumie msumari wa kawaida wala waya wa kufungia nondo, utakuwa unapanda ugonjwa upya.

Kabla ya kujaza, lowesha kingo za jasi ya zamani kwa brashi, mara mbili tatu, kiasi cha kuwa baridi bila kutiririka. Jasi kavu hunyonya maji ya jasi mbichi kabla haijashikana, kiraka kinatoka kama chaki.

Mchanganyiko: kwa lita 1 ya maji, jasi kilo 1.4 hadi 1.5. Kwa kiraka kama hiki gramu 200 za jasi na mililita 140 za maji zinatosha. Maji hutangulia chomboni. Unga unanyunyizwa kwa mkono juu ya maji, polepole, mpaka visiwa vikavu vibaki juu. Uache unywe dakika 2, ndipo ukoroge taratibu bila kupiga mapovu. Ukikoroga mapema unapata madonge. Una dakika 10 hivi za kufanya kazi. Ikianza kuwa nzito usiiongeze maji, itupe.

Yanayoharibu hapa kwetu ni mawili. Maji ya kisima yenye chumvi huharakisha jasi kushikana, tena yanarudisha chumvi ileile mliyoipangusa. Tumieni maji ya mvua au ya chupa. La pili ni jasi iliyokaa dukani mfuko wazi. Imeshakunywa unyevu wa hewa, hushikana ovyo na haina nguvu. Nunua ile wanayotumia mafundi wa siling, mfuko uliofungwa, ujaribu vijiko vitatu kwanza: baada ya nusu saa iwe imepata joto, na kucha isizame. Chombo nacho kioshwe kila mara, kwa kuwa makombo ya jasi ya jana huifanya ya leo ikimbie.

Vidole viwili mlivyonavyo: paka sehemu zilizovunjika shelaki nyepesi, gramu 100 kwa lita 1 ya spiriti, ikauke. Toboa kwa mkono, si kwa mashine, tundu la milimita 2 kila upande, kina cha milimita 10, utie kijiti cha stenlesi cha milimita 1.5 kwa epoksi. Epoksi iwe kidogo, ikifurika usoni haitoki bila kung'oa rangi. Kilichopotea kijenge: kijiti hichohicho kikivingirishwa nyuzi za mkonge, halafu jasi nzito kwa tabaka, kisha ukichonge kwa kisu kidogo kingali kibichi kidogo. Kikikauka kabisa kinameguka badala ya kuchongeka. Tazama vidole vya mkono wa kushoto ili usimpe mtakatifu kidole cha seremala.

Rangi: paka pale palipojazwa tu. Shelaki nyepesi mara mbili kuziba jasi mpya, halafu rangi ya wachoraji, ya mafuta au akriliki, tabaka nyembamba, na mwisho vanishi isiyong'aa. Hiyo rangi ya mafuta ya kung'aa anayoitaka mjumbe mwenzio ni ile ya mageti. Inafunga vinyweleo vya jasi, unyevu unabaki ndani, baada ya mvua mbili inabanduka maganda na kuondoka na uso wa asili.

Mpwani_Halisi

Fundi, nakubali yote ila naona tunaikosea faibaglasi. Kwa maandamano, sanamu ya jasi ya sentimita 120 haipungui kilo 25, na kidole kimoja kikigonga mlango wa kanisa mmerudi mwanzo. Faibaglasi ni kilo 8 au 10 na hainyonyi maji. Jua ndilo adui yake: ikiachwa uwanjani, rangi hupauka na utomvu wa juu hugeuka unga.

Kuna na njia ya tatu, nayo ni ya Waitaliano vilevile. Mafundi wa Lecce, kusini, walitengeneza watakatifu wa maandamano kwa karatasi. Kiunzi cha waya na majani makavu yaliyofungwa kamba, kichwa na mikono vinafinyangwa mbali, mavazi yanajengwa kwa tabaka za karatasi zilizoloweshwa gundi ya unga wa ngano. Ikikauka hupitishwa chuma cha moto kulainisha mikunjo, halafu jasi nyembamba, halafu rangi. Ni nyepesi na mikunjo yake inapendeza kuliko ya kalibu. Gundi ya unga ni karamu ya mende na mchwa, kwa hiyo wao hutia mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, ndani ya gundi. Huku kwetu bila mrututu haimalizi mwaka.

Fundi_Jasi

Kwa kubeba, sawa. Ila kwa kukaa kanisani, jasi iliyoinuliwa sakafuni inaishi kuliko hiyo faibaglasi yako, na ikivunjika inatengenezeka kwa vitu vya dukani.

Sakristia_Ya_Nyuma

Kabla patasi haijashikwa, kuna karatasi. Kanuni 1189 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema picha na sanamu zenye thamani kwa ukale, sanaa au heshima ya waamini, zilizowekwa kanisani, zisirekebishwe bila idhini ya maandishi ya askofu au mwenye mamlaka yake, naye awaulize wajuzi kwanza. Pitieni kwa paroko, aandike yeye. Ambatanisheni picha za pande nne, za ufa kwa karibu, na za jina la kitakoni. Hilo jina msilisugue wala msilipake rangi, ndilo litakalowasaidia wajuzi kuitambua.

Na habari ya kutupa, aliyesema itupwe aelezwe kwa upole. Kitu kilichobarikiwa hakiendi jaani. Kikishindikana kabisa huvunjwa na kuzikwa ardhini mahali pasipokanyagwa. Jasi haiungui, kwa hiyo kuzika ndiyo njia yake.

Mjumbe_wa_Kigango

Mungu awabariki. Kamati imeelewa, barua inaandikwa. Mawili yamebaki: hizo nakala za sentimita 30, tunaweza kutoa kalibu kwenye sanamu hii? Na siku ya maandamano tuifunge vipi?

Fundi_Jasi

Kalibu hutoa kimo kilekile, haipunguzi. Kwenye sanamu ya 120 utapata ya 120. Tena mpira wa silikoni ukiupaka juu ya rangi ya zamani huacha mafuta ndani ya jasi na unaweza kung'oa rangi iliyolegea. Antoni wenu msimguse kwa jambo hilo.

Mpeni mfinyanzi udongo, amfinyange Antoni wa sentimita 30 akitazama huyu mkubwa. Vidole asivitenganishe, viwe pamoja, na yungiyungi lilale kifuani. Kila kinachochomoza ni kitu kitakachovunjika kwenye begi la mama wa jumuiya. Udongo ukiwa mgumu kidogo, paka silikoni. Tabaka la kwanza jembamba, ukiliingiza kwa brashi puani, masikioni na kwenye mikunjo, kisha tabaka nyingine mpaka unene wa milimita 5. Kilo 1 inatosha kimo hicho. Juu yake jenga ganda la jasi na mkonge, nusu mbili, unene wa sentimita 2, kingo zikitenganishwa kwa vaselini. Mpira upasue mgongoni kwa wembe, mstari mmoja tu.

Wazee wa Lucca walitumia gelatini badala ya silikoni, ni rahisi na inayeyushwa tena. Kwa joto la Mombasa msijaribu. Jasi ikishikana hupata joto, na gelatini ambayo tayari imelegea kwa hewa itayeyuka usoni, mtakatifu atoke hana pua.

Kumimina: funga ganda kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kichwa chini. Mimina mchanganyiko wa gramu 500 za jasi na mililita 350 za maji, uizungushe kalibu mikononi mpaka kila mahali papate, umwage kinachobaki. Hilo tabaka la kwanza ndilo sura yake. Mapovu yakibaki, yatabaki puani. Likianza kupoteza mng'ao, mimina la pili, kilo 1 kwa mililita 700, zungusha tena, na shingoni uache jasi ijae kabisa. Kitakoni tandaza mkonge ulioloweshwa. Subiri mpaka ipate joto kisha ipoe, dakika 40 hivi, ndipo ufungue. Ukifungua ingali ya moto, shingo inabaki ndani. Rangi baada ya mzani kutulia, kama nilivyosema.

Msomaji_wa_Kale

Kuhusu kubeba: wahamiaji kutoka Nola, karibu na Napoli, wanaoishi Williamsburg huko Brooklyn, tangu 1903 humbebea Mtakatifu Paulino mnara wa tani zipatazo 4 mabegani mwa wanaume zaidi ya mia. Minara ya Nola yenyewe ina mita 25 hivi, na tangu 2013 sikukuu yake iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Mnara hauanguki kwa sababu anayeamuru ni mmoja tu: anasema inueni, wanainua, anasema shusheni, wanashusha wote pamoja. Mchagueni mtu huyo mapema, na asiwe miongoni mwa wabebaji.

Sakristia_Ya_Nyuma

Kilo 25 na jukwaa lake ni watu sita wa kimo kimoja, watatu kila upande. Jukwaa la mbao liwe na ukingo wa sentimita 8 pande zote za kitako, nafasi zijazwe kabari za mbao zilizofunikwa kitambaa kizito. Kamba isipite shingoni wala mikononi. Ipite chini, kwenye kitako tu, juu ya kitambaa. Mwenye maua ayafunge kwenye jukwaa, si kwenye sanamu, na yawe hayana maji. Waamini waelekezwe kugusa kitako, kwa kuwa jasho na mafuta ya mikono ndiyo hula rangi ya miguu.

Tarehe 13 Juni ni kusi, manyunyu hayatabiriki. Wekeni nailoni nyepesi ya kuifunikia mvua ikija, chini ya jukwaa, na mlango mmoja wa kujihifadhi njiani ujulikane kabla. Ikilowa, ipangusweni kwa kitambaa kikavu kwa kugusisha bila kusugua, isifunikwe, na isirudishwe mahali pake mpaka Fundi aipitishe mzani.